Dk. Kabourou: Mwanasiasa wa Kigoma aliyeacha alama katika sheria ya uchaguzi

Na Mwandishi Wetu

JINA la Dk. Aman Walid Kabourou, aliyefariki dunia Machi 2018, lina sura mbili mkoani Kigoma. Ndiye mpinzani aliyeitikisa CCM katika miaka ya mwanzo ya vyama vingi, na ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa CCM wa mkoa huo huo. Hata hivyo, alama yake iliyodumu kuliko zote haimo katika chama chochote. Imo katika hukumu ya mahakama.

Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa nchini mwaka 1992, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Nyalali. Miaka miwili baadaye ulifanyika uchaguzi mdogo katika Jimbo la Kigoma Mjini, ambalo ndani yake umo pia mji mkongwe wa Ujiji. Dk. Kabourou aligombea kwa tiketi ya Chadema, akashindana na Azim Premji wa CCM, ambaye ndiye aliyetangazwa mshindi.

Dk. Kabourou hakuridhika. Alifungua kesi Mahakama Kuu, nayo ikatengua matokeo. Rufaa ilipokatwa, Mahakama ya Rufani nayo iliafiki kutenguliwa kwa matokeo hayo.

Miongoni mwa hoja nzito katika shauri hilo ni mwenendo wa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoonekana kuegemea upande wa CCM katika matangazo yake ya kampeni. Uzito wa hoja hiyo unaeleweka vizuri zaidi kwa anayeijua Kigoma ya wakati huo. Mji huo uko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Magazeti yalichelewa kufika, na vituo binafsi vya redio vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza nchini. Kwa mvuvi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika au mfanyabiashara wa Ujiji, redio ya taifa ndiyo iliyokuwa sauti ya habari. Ikielemea upande mmoja, mgombea wa upande wa pili hana pa kujitetea.

Mahakama ya Rufani ilikwenda mbali zaidi. Ilieleza kuwa uchaguzi unaokusudiwa na sheria za nchi ni ule ulio huru na wa haki, hivyo jambo lolote linaloondoa uhuru na haki hiyo laweza kuwa sababu ya kuubatilisha. Hukumu hiyo, iliyomo katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1996, imekuwa rejea ya mawakili na majaji katika kesi nyingi za uchaguzi zilizofuata.

Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 1995, wapiga kura wa Kigoma Mjini walimpeleka Dk. Kabourou bungeni, akiwa mmoja wa wabunge wachache sana wa Chadema. Alirejea tena mwaka 2000. Aliwahi pia kuwa Katibu Mkuu wa chama hicho, kabla ya Dk. Willibrod Slaa.

Mwaka 2005 upepo uligeuka. Peter Serukamba wa CCM alimwangusha, wakati huo huo kijana wa Chadema, Zitto Kabwe, akitwaa Jimbo la Kigoma Kaskazini. Baada ya hapo Dk. Kabourou alihamia CCM, akawa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki na baadaye mwenyekiti wa chama mkoani kwake.

Kuhama huko kuliwauma waliompigania, na si ajabu. Lakini haki aliyoipata mahakamani haikuhama naye. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 iliyotumika katika kesi yake imekwisha kufutwa, na mwaka 2024 ikatungwa nyingine. Mgombea ubunge asiyeridhika bado anaweza kwenda Mahakama Kuu.

Kwa upande wa urais mlango huo haupo. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Kipimo kilichopatikana kutokana na kura za Kigoma na Ujiji, yaani uchaguzi huru na wa haki, hakijaruhusiwa kufika huko.