Gasketi ya Hedi Ikiungua

Wanakikundi, pikapu ya zamani ikimaliza maji ya rejeta bila kuvuja, ikitoa moshi mweupe, na oili ikafanana na chai ya maziwa, tunashuku gasketi ya hedi. Msiiendeshe tena, injini nzima yaweza kufa pamoja na pesa za kikundi.

Injini ipoe kabisa, kisha mwageni maji na oili. Bolti hufunguliwa kutoka pembeni kuja katikati. Simamisheni rula ya chuma juu ya hedi: mwanga ukipita chini yake, imepinda, ikasawazishwe kwa mashine. Hapa ndipo tumeona wengi wakibana pesa, halafu gasketi mpya inaungua tena. Ile ya zamani hairudishwi kamwe! Kukaza ni kuanzia katikati, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo. Kama hamna, azimeni. Tieni oili mpya, mtafute kilichochemsha injini: rejeta iliyoziba, feni au pampu ya maji.