Mr Chow: Mchina aliyekipa heshima chakula cha kwao

KWA wengi wetu tuliowahi kutafuta maisha Uingereza, chakula cha Kichina ni kile cha kubeba, kinachonunuliwa usiku baada ya zamu kwa sababu ni rahisi na duka bado liko wazi. Wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Guangzhou nao wanakijua kile cha haraka haraka, kinacholiwa karibu na masoko ya jumla huku jicho liko kwenye marobota.

Lakini pale Knightsbridge, London, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka duka maarufu la Harrods, ulifunguliwa mgahawa wa Kichina wa aina nyingine kabisa. Unaitwa Mr Chow. Kwa zaidi ya nusu karne jina hilo limevuma kwa sababu ya wacheza sinema, wanamuziki na wachoraji waliokuwa wateja wake.

Niliingia humo mwaka 2019 nikiwa na kijana mmoja wa Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Alikuwa amefanya kazi jikoni London kwa miaka tisa, na alikuwa amebakiza miezi miwili arudi nyumbani kufungua mgahawa kwa akiba yake yote. Mpango wake ulikuwa kuuza chipsi, baga na kuku wa kukaanga, chini ya jina la Kiingereza.

"Kaka, chakula chetu mtu anakila kwake kila siku," aliniambia. "Nani atakilipia bei kubwa?"

Sikubishana naye. Nilimwambia tukale kwanza kwa Mr Chow, halafu tuzungumze.

Ili uelewe meza ile, ndugu msomaji, yakupasa kumjua mwenyewe. Michael Chow alizaliwa Shanghai mwaka 1939. Baba yake, Zhou Xinfang, alikuwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa opera ya Peking. Mwaka 1952 kijana huyo alipelekwa shule Uingereza, na hakumwona tena baba yake. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza China mwaka 1966, wazazi wake waliteswa. Mama alifariki mwaka 1968, na baba akafuata mwaka 1975.

Huko Uingereza Chow alisomea sanaa na usanifu wa majengo, akajaribu kuishi kwa uchoraji, lakini hakufanikiwa. Ndipo Februari 14, 1968, akafungua mgahawa wake wa kwanza. Wakati huo Wachina wengi Uingereza walionekana kuwa watu wa kufua nguo na kuuza chakula cha bei ya chini. Yeye akatandika vitambaa vyeupe mezani, akaajiri wahudumu wa Kitaliano, akatundika ukutani kazi za wachoraji wa kisasa. Baadhi ya wachoraji walimlipa kwa picha, wakala chakula chake.

Mwaka 1974 alifungua tawi Beverly Hills, Marekani, karibu na nyumbani kwa wacheza sinema wa Hollywood. Mwaka 1979 likafuata la New York, ambako wachoraji Andy Warhol na Jean-Michel Basquiat walikuwa wateja. Wote wawili, pamoja na Keith Haring, walimchora Chow mwenyewe.

Sasa turudi mezani. Tulianza na mishikaki ya kuku yenye mchuzi mzito. Kijana wangu alicheka. "Mishikaki! Hii si ya Kampala usiku?" Ndiyo, nikamjibu, ila hapa imekuja kwenye sahani ya moto, na imeletwa na mtu aliyevaa koti.

Baadaye akatoka mpishi na donge la unga wa ngano. Akalivuta kwa mikono miwili, akalikunja, akalivuta tena. Kila mkunjo huongeza nyuzi maradufu: mbili, nne, nane, kumi na sita. Ukifika mkunjo wa nane una nyuzi 256. Hakuna mashine, ni mikono tu. Watu waliacha mazungumzo yao wakamtazama, na alipomaliza wakapiga makofi. Zile tambi zilipofika mezani, zilikuwa unga na maji tu.

Kisha akaja bata wa Beijing. Kazi ya bata huyu huanza mapema: hupulizwa hewa kutenganisha ngozi na nyama, hupakwa kitu chenye utamu, hutundikwa akauke, ndipo huchomwa mpaka ngozi iwe kavu na nyekundu. Hukatwa mbele ya mteja, ukamla ndani ya chapati nyembamba pamoja na matango, vitunguu majani na mchuzi mtamu. Kijana alikula kimya. Mtu aliyekaa jikoni miaka tisa anajua kazi ikoje.

Bili ilipokuja tuligawana. Kwake ilikuwa zaidi ya ujira wa siku mbili. Wenye safari za huko wazingatie: migahawa mingi ya London huongeza malipo ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, kwa hiyo soma bili hadi chini kabla hujatoa bakshishi nyingine.

Tukitembea kwenda kituo cha treni, ndipo aliposema. "Kaka, luwombo naye anafunguliwa mbele ya mgeni."

Ni kweli. Luwombo wa Waganda hufungwa kwenye jani la mgomba, akapikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Likifunguliwa mezani, harufu inafika kwa jirani kabla ya mteja hajaonja. Hilo ni onyesho ambalo baga haina. Mpakani hapo kuna ndizi za Kagera, samaki wa Ziwa Victoria, na senene wakati wa msimu wake. Kuna pia madereva wa malori na wachuuzi wanaosubiri karatasi za forodha kwa saa nyingi, na wengi wao wako mbali na kwao.

Alirudi mwanzoni mwa 2020. Miezi michache baadaye ugonjwa wa Korona ukasimamisha abiria mpakani, na alikula sehemu ya akiba bila kufungua mlango. Alipofungua, alianza na meza sita na jiko lililo wazi, kila mtu aone. Chipsi zipo, kwa wanaozitaka. Ila jina la ukutani ni la kwao, na luwombo huisha kabla ya saa nane mchana.

Mr Chow hakubadili bata wala tambi ili Wazungu wamheshimu. Alibadili namna ya kumkaribisha mtu mezani. Wewe unayerudi na akiba yako, kabla hujanunua mashine ya kukaangia chipsi, muulize kwanza mama yako anapika nini wageni wakija.