Nani huitwa mhuni? Heshima, tabaka na sheria kisiwani Pemba

NENO mhuni, kwa Waswahili wa leo, humaanisha mtu mwenye mwenendo mbaya. Likielekezwa kwa mwanamke, mara nyingi husikika kwa maana moja tu: kwamba anakwenda na wanaume nje ya ndoa. Zamani lilitumika zaidi kwa mzururaji, mtu asiye na makazi wala jamaa wa kumdhamini.

Maana hizo mbili, kukosa kwao na kukosa haya, zimeandamana kwa muda mrefu katika historia ya Pemba. Anayeichunguza historia hiyo hugundua kuwa lawama za zinaa zimewaangukia zaidi watu wa hali ya chini, hata pale ambapo tendo linalolaumiwa lilifanywa pia na wakubwa.

Wataalamu wa elimu jamii huuita mwenendo unaokwenda kinyume na kanuni za jamii ukengeufu. Mfaransa Emile Durkheim aliandika mwaka 1895 kwamba hakuna jamii isiyo na ukengeufu, kwa kuwa kila jamii hujiwekea mipaka na kuitambua pale inapovukwa. Mmarekani Howard Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliongeza kwamba tendo peke yake halitoshi kumfanya mtu awe mkengeufu. Ni lazima awepo mwenye uwezo wa kutunga kanuni, na awepo wa kubandikwa jina.

Pemba inatoa mfano ulio wazi wa hoja hiyo.

Waungwana na wajakazi

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa kitovu cha zao la karafuu. Mashamba yake yalihudumiwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Heshima ilifuata nasaba na mali: muungwana alikuwa nayo kwa kuzaliwa, mtumwa alihesabiwa kuwa hana.

Wanawake wa kiungwana walitawishwa ndani, na kutoonekana kwao kulikuwa alama ya cheo cha familia. Mjakazi aliyechuma karafuu juani hakuweza kutawa hata angetaka. Hivyo kazi yake yenyewe ilichukuliwa kuwa dalili ya kukosa haya.

Kwa sheria iliyotumika wakati huo, mwenye mjakazi aliweza kumfanya suria. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na kurithi sawa na watoto wa mke wa ndoa, na mama huyo akawa huru bwana wake alipofariki. Mjakazi aliyezaa na mtumwa mwenzake alizaa mtumwa. Hadhi ya mwanamume, kuliko jambo lolote alilofanya mwanamke, ndiyo iliyoamua jina la mama na hatima ya mtoto.

Cheo cha mwanamke nacho hakikuwa kinga. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa na suria, alilazimika kutoroka Unguja mwaka 1866 baada ya kupata mimba kwa mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Baba yake alikuwa na masuria wengi na hakuna aliyemwita mhuni.

Amri ya mwaka 1897

Aprili 1897, chini ya shinikizo la Waingereza, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba. Amri hiyo ilikuwa na masharti mawili yanayofaa kuangaliwa kwa makini.

La kwanza ni kwamba mtumwa aliyepewa uhuru alipaswa kuonyesha kuwa ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, angeweza kutangazwa mzururaji. Kwa maneno mengine, siku ile ile alipoacha kuwa mali ya mtu, alikuwa hatarini kuitwa mhuni kwa maana ya zamani ya neno hilo.

La pili liliwahusu masuria. Waliachwa nje ya uhuru huo, isipokuwa kwa aliyeweza kuthibitisha kuwa anatendewa ukatili. Miongoni mwa hoja za maofisa wa Kiingereza, akiwamo Balozi Arthur Hardinge, ilikuwa kwamba wanawake hao wakiachiwa wangeishia kwenye umalaya. Walihukumiwa kwa kosa ambalo hawajalitenda.

Ubaguzi huo uliondolewa mwaka 1909, wakati wa Sultani Ali bin Hamoud. Hata hivyo, suria aliyeondoka bila ridhaa ya bwana wake alipoteza haki ya kukaa na watoto wake.

Heshima ya kujipatia

Walioachwa huru Pemba hawakukubali kubaki na jina walilopewa. Baadhi yao walijipatia mashamba madogo na mikarafuu, jambo lililokuwa gumu zaidi Unguja. Wanawake walifunga ndoa, wakavaa nguo ambazo watumwa hawakuruhusiwa kuvaa, na wakatafuta majirani wa kuwashuhudia mahakamani kuwa ni watu wema.

Mwanahistoria Elisabeth McMahon, katika kitabu chake kuhusu Pemba cha mwaka 2013, anaeleza kuwa maana ya heshima ilibadilika katika miaka hiyo. Kutoka kuwa haki ya wenye nguvu na nasaba, ilianza kuwa sifa ambayo mtu huipata kwa mwenendo wake mbele ya jirani.

Mabadiliko hayo yalifungua mlango kwa wanyonge, lakini yalikuwa na gharama. Heshima inayotegemea mwenendo huhitaji kulindwa kila siku, na mzigo mkubwa wa kuilinda uliwekwa juu ya wanawake. Kwa familia isiyo na mali wala jina kubwa, tabia ya binti ikawa ndiyo hazina pekee.

Mimba na jela

Hali hiyo husaidia kuelewa sheria iliyopitishwa Zanzibar mwaka 1985, iliyojulikana kuwa ya kuwalinda wari, wajane na wanawake walioachwa. Chini yake, mwanamke asiye na mume aliyepata mimba aliweza kufungwa hadi miaka miwili.

Sheria ya aina hiyo, hata ikiandikwa kwa watu wote, haiwafikii wote sawasawa. Mimba huonekana na haihitaji shahidi, wakati mwanamume anaweza kukana. Familia yenye uwezo inaweza kumsafirisha binti yake kwa jamaa Unguja, Mombasa au Muscat, au kuharakisha ndoa kabla watu hawajajua. Familia ya mvuvi au mchuma karafuu haina nauli wala jamaa wa mbali wa kumpokea. Kwao hubaki ndoa ya mkeka, au aibu.

Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria Namba 4 ya mwaka huo, inayowahusu wari na watoto wa mzazi mmoja. Kifungo kiliondolewa na kuwekwa kazi za kijamii. Zanzibar pia iliwafungulia wasichana waliojifungua njia ya kurudi shuleni miaka mingi kabla ya Tanzania Bara, ambako Serikali ilitangaza ruhusa hiyo Novemba 2021.

Jina linavyotengeneza mtu

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Edwin Lemert, alieleza mwaka 1951 kuwa jina baya huzaa matendo yanayolithibitisha. Msichana aliyeitwa mhuni huacha shule kwa kuona haya na hukosa mchumba, kisha umaskini humsukuma kwenye maisha ambayo jirani walikuwa wamekwisha kumtabiria. Hapo jirani husema walijua tangu zamani.

Upande wa pili yupo mwanamume ambaye hakuitwa chochote. Kisiwani kote linajulikana neno muhali, yaani ile hali ya kuona vibaya kumshtaki au kumtolea ushahidi jamaa, jirani au mtu mwenye wadhifa. Kwa sababu ya muhali, kesi ya kubakwa kwa mtoto inaweza kumalizwa kwa suluhu sebuleni, na aliyedhalilishwa akabaki na aibu peke yake. Mwaka 2021 Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji, lakini mahakama haiwezi kuhukumu bila shahidi anayekubali kusimama.

Dini na mila za Pemba zinathamini sitara, na elimu jamii haina kazi ya kuzibishia. Inachouliza ni kama kipimo kinachotumika kwa binti wa mchuma karafuu wa Micheweni hutumika pia kwa mwanamume aliyempa mimba, na kwa binti wa tajiri wa Chake Chake. Msichana anayetaka kurudi darasani baada ya kujifungua amekwisha kupata ruhusa ya sheria. Bado anasubiri ya majirani.