KISUKARI CHA MIMBA NA UZAZI WA KABLA YA WAKATI

Mji wa Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, uko kisiwani katika Ziwa Viktoria. Mama mjamzito akipatwa na matatizo yanayoishinda hospitali ya wilaya, hana budi kuvuka maji hadi Mwanza, iliko Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Safari ya meli huchukua saa kadhaa. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 37 ya mimba, mwenye mapafu machanga, saa hizo ni nyingi mno. Hivyo basi, sababu za uzazi wa mapema zafaa kugunduliwa wakati mama angali na nafasi ya kujitunza. Mojawapo ni kisukari cha mimba.

Hutokeaje?

Kongosho hutoa insulini, homoni inayoziwezesha chembe hai za mwili kupokea glukosi iliyomo katika damu. Wakati wa ujauzito, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, ili mtoto asikose chakula. Wanawake wengi huongeza insulini ya kutosha. Asiyeweza, sukari humzidi katika damu, na mara nyingi hasikii maumivu yoyote.

Glukosi hupenya kondo la nyuma, lakini insulini ya mama haipenyi. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi yake mwenyewe, naye hunenepa kupita kiasi. Pia hukojoa sana. Maji ya uzazi yakazidi, mji wa mimba ukatanuka mno, na uchungu huweza kuanza mapema. Aidha, mama huyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huweza kuwalazimu madaktari kumzalisha kabla ya siku zake.

Insulini nyingi huchelewesha pia utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa vya mapafu visinatane. Kwa hiyo unene wa mtoto usidhaniwe kuwa ni ukomavu.

Uchunguzi wasemaje?

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008, uliohusisha wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba kadiri sukari ya mama ilivyopanda baada ya kunywa glukosi, ndivyo uzazi wa mapema ulivyozidi. Nchini Tanzania, A. B. Swai na wenzake walitangaza mwaka 1991 kwamba hawakuona uwezo wa kutumia sukari ukizorota kwa wajawazito wa vijijini. Mwaka 2014 Akwilina Mwanri na wenzake walitangaza kwamba walikiona kisukari hiki kwa wanawake 8 hivi katika kila 100 mjini, na 1 katika kila 100 vijijini. Mlo na kazi hubadilika mtu ahamiapo mjini. Na Nansio nayo ni mji.

Kinga

Kati ya juma la 24 na la 28, mama hufunga kula usiku kucha, hupimwa damu, hunywa gramu 75 za glukosi katika maji, kisha hupimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Sukari ikizidi, wengi husaidika kwa kupunguza kiasi cha ugali wa muhogo, wali na chai ya sukari, kuongeza mboga za majani na samaki, na kutembea kila siku. Wasiotosheka kwa hayo hupewa dawa, kama vile insulini.

Faida nyingine ni kupanga mapema mahali pa kujifungulia. Aliyejua hali yake huvuka ziwa kabla uchungu haujaanza.