Kura na Msitu

Mwadhani kura haihusu mvua na jua? Tazameni Brazil, kwenye msitu mkuu wa Amazon. Miti ikichomwa huko, joto la dunia nzima huzidi. Katika mwaka uliokwisha Julai 2022, msitu ulifyekwa zaidi ya kilometa za mraba 11,000. Oktoba ile Lula alimshinda Bolsonaro kwa asilimia 50.9 tu ya kura. Serikali yake ikaongeza ulinzi. Katika mwaka uliokwisha Julai 2024, ufyekaji haukufika kilometa 6,500. Lakini uchaguzi mwingine waweza kuyatangua hayo.

Basi mgombea akija kijijini kwenu, msimwulize habari za barabara tu. Mwulizeni: Msitu wetu na chemchemi zetu utavilindaje? Kwani Mungu ametukabidhi dunia tuitunze, tuwarithishe watoto wetu.