Kengele Mbili za Daisetsuzan

Asahidake ni mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,291, kilele kirefu kuliko vyote katika kisiwa cha Hokkaido, Japani. Mwezi Julai, theluji inapoondoka kwenye miteremko yake, maua ya zambarau yenye umbo la kengele huchanua kati ya changarawe, juu ya vikonyo visivyozidi urefu wa kiganja. Wapandaji wengi huyapiga picha na kuyapa yote jina moja. Kumbe katika safu ya milima ya Daisetsuzan, ambamo Asahidake umo, kuna spishi mbili za jinsi hiyo: Campanula lasiocarpa, ambayo Wajapani huiita iwagikyo, na Campanula chamissonis, yaani chishima-gikyo.

Rangi haitakusaidia, kwa kuwa zote ni za zambarau na ukungu wa mlimani hubadilisha jinsi jicho linavyoiona. Kimo nacho hudanganya: mmea unaopigwa na upepo hudumaa, wakati mwenzake aliyejificha nyuma ya jiwe hurefuka. Piga magoti, uchungulie mdomo wa kengele. Ukiona vinyweleo virefu vyeupe kwenye ukingo wa petali na ndani yake, hiyo ni chishima-gikyo. Petali zikiwa tupu kabisa, ni iwagikyo. Mimi huiamini alama hii kuliko nyingine zote, kwa sababu huonekana bila lenzi, hata ua likiwa limelowa. Ila hakikisha unatazama petali zenyewe. Iwagikyo nayo ina vinyweleo, lakini viko chini, kwenye ovari.

Kisha thibitisha kwa sepali, yaani vijani vilivyo chini ya petali. Za iwagikyo ni nyembamba, zenye meno machache makali. Za chishima-gikyo ni pana zaidi, za pembetatu. Majani ya chishima-gikyo hung'aa na kingo zake ni za mawimbi. Namna ua linavyoelekea pia hutoa fununu: iwagikyo hupenda kutazama juu, mwenzake huinamia upande. Lakini fununu si ushahidi, hasa mahali penye upepo.

Kuna jambo moja linalowapotosha hata watu makini. Katika ua lililofunguka karibuni, utaona katikati kijiti kimoja kilichojaa chavua. Katika ua lililo jirani, kijiti hicho kimepasuka kuwa ncha tatu zilizojikunja. Mtu hudhani amepata spishi mbili, kumbe anatazama umri. Maua ya Campanula hutoa chavua kwanza, ndipo stigma, yaani ncha ya kijiti hicho, ifunguke kupokea chavua ya ua jingine. Hivyo ua hupunguza uwezekano wa kujichavusha lenyewe.

Mimea hii miwili imeunganishwa na mtu mmoja pia. Adelbert von Chamisso, mshairi na mtaalamu wa mimea, alisafiri na meli ya Kirusi Rurik kati ya 1815 na 1818, akapita Kamchatka na Alaska. Ndiye aliyeielezea Campanula lasiocarpa kisayansi. Ile nyingine ilipewa jina kwa heshima yake.

Daisetsuzan ni hifadhi ya taifa tangu 1934, kwa hiyo usichume ua ili ukalichunguze nyumbani. Piga picha tatu: mdomo wa kengele kwa karibu, sepali kutoka ubavuni, na majani ya chini. Picha nzuri ya ua zima kutoka juu, ambayo kila mtu huipiga, mara nyingi haioneshi sepali wala majani.