Lebanoni: Chuma chakavu chaleta dola, mifuniko ya barabarani yaibwa

Huko Beirut, mtembea kwa miguu wa usiku huangalia chini kwanza. Mifuniko ya chuma ya mitaro ya maji machafu imeibwa katika barabara nyingi.

Lebanoni ina kilomita za mraba 10.452 tu, haifiki robo ya Kivu ya Kusini. Tangu mwaka 2019 pesa yake imeanguka: dola 1 ilikuwa lira 1.507, baadaye ikafika 89.500. Chuma chakavu kinachouzwa ng'ambo kinalipwa kwa dola, ndiyo maana kila mtu anakitafuta.

Waokotaji ni maskini wa mji na wakimbizi wa Siria, hata watoto. Wanachambua mapipa ya takataka, wanauza kwa kilo kwenye depo, kisha meli zinapeleka mzigo, hasa Uturuki. Viwanda vya huko vinayeyusha chuma cha zamani kwa umeme. Nchi hiyo inaagiza karibu tani milioni 20 kwa mwaka, kuliko nyingine yoyote duniani.

Biashara yenyewe si mbaya. Lakini chuma kikishakatwa vipande, nani atajua kama kilitoka jalalani au barabarani? Nyaya za umeme nazo zinakatwa kwa ajili ya shaba, na mitaa inabaki gizani. Mahali pengine wakaaji wameweka tairi juu ya shimo ili madereva walione.